Springi za Nyuma Zikazwe kwa Kadiri ya Mzigo

Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa hapa Ongata Rongai, na kule Kitengela, na mjini Kajiado penyewe, huwa na pete ya chuma katika kila springi ya nyuma, iliyochongwa ngazi, aghalabu tano, ambayo mhandisi wa kiwanda aliitia kwa muradi mmoja tu, kwamba mwenye chombo aizungushe kwa kadiri ya mzigo anaoupakia. Na kwa kazi hiyo ipo spana yenye ncha iliyopinda, na kipo kitabu kinachoeleza namna ya kuitumia. Nathubutu kusema kwamba ukipita katika steji za barabara ya Magadi, kutoka mjini Rongai hadi Kiserian, ukainama na kuzitazama pete hizo moja baada ya moja, utazikuta takriban zote katika ngazi ile ile zilizotoka nayo dukani, zimegandwa na tope kavu na kutu, na habari za spana hapana azijuaye. Mimi naona hili si jambo dogo. Dereva asiyeipima springi yake hajamaliza kukitengeneza chombo chake, hata kama amekiosha kikametameta na kukivisha mapambo ya kila rangi. Na sisi tunaopanda nyuma na kulipa nauli tumeridhia kuteswa migongo kwa maradhi ambayo dawa yake haigharimu hata shilingi moja.

Msomaji na aifuate siku moja ya pikipiki moja. Alfajiri kijana huiendesha peke yake kutoka kwake Kware, naye ana kilo 65 au 70, mwili wa kawaida wa kijana anayeshinda juani. Saa kumi na mbili na nusu humpakia karani anayewahi matatu ya 125 ya kwenda Nairobi. Na kwa kuwa kiti cha abiria kimekaa karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma, uzito wa karani yule takriban wote huliangukia gurudumu la nyuma, wala la mbele halipati ila sehemu haba. Ikifika saa nne ni zamu ya maji, kwani Rongai ni mji uliokua upesi kuliko mabomba yake, na nyumba nyingi hununua maji ya kisima kwa mitungi ya lita 20; mitungi sita iliyofungwa kwa mpira juu ya keria ni kilo 120, yaani ni kama kuipakia pikipiki nyingine nzima juu ya ile ya kwanza. Mchana huja mtungi wa gesi, ambao juu ya kilo 13 za gesi yenyewe una chuma kisichopungua uzito huo. Jioni ni mama na watoto wawili na mifuko ya sokoni, ijapokuwa Sheria ya Trafiki hairuhusu abiria zaidi ya mmoja na kila mtu anaijua. Mashine ni ile ile, springi ni zile zile mbili, na pete haikuguswa tangu asubuhi, wala tangu mwaka jana.

Springi ina kazi yake na shoki ina kazi yake, na wengi huzichanganya kwa kuwa zimevishwa pamoja. Springi ndiyo inayobeba. Ikibanwa hurudisha nguvu, na kadiri ibanwavyo ndivyo irudishavyo, kwa uwiano ule ule, kanuni ambayo Mwingereza Robert Hooke aliitangaza mwaka 1676 kwa fumbo la herufi zilizovurugwa makusudi, wenziwe wasije wakamnyang'anya, kisha akalifumbua mwenyewe mwaka 1678. Ama shoki, hiyo ni mwanzi wa chuma uliojaa mafuta, ndani yake mna pistoni yenye vitundu inayopanda na kushuka, na mafuta yakilazimishwa kupenya katika vitundu vile huigeuza nguvu ya mdundo kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shoki nzima baada ya mwendo mrefu wa murram utaikuta ina moto, na ukiiona imelowa mafuta kwa nje, mwenyewe asijisumbue na pete wala spana, bali aweke akiba ya kununua mbili mpya, ya kulia na ya kushoto kwa pamoja. Pasipo shoki, chombo kingeendelea kudunda baada ya kila tuta mpaka lije jingine, na matuta ya barabara ya Magadi, alhamdulillahi, hayana upungufu.

Sasa hapa ndipo penye ghalati ya mafundi wengi. Ukiizungusha pete kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu, huifanyi springi kuwa ngumu zaidi, maana ugumu wa springi umo katika unene wa waya wake, na upana wake, na idadi ya mizunguko yake, nayo hayo hayabadilishwi kwa spana. Unachofanya ni kuibana kabla ya wakati, ili ianze kazi ikiwa imekwisha kujiandaa, na mzigo ukipanda mkia usizame kupita kiasi, bali chombo kibaki katika kimo alichokikusudia aliyekiunda. Katika pikipiki hizi gurudumu la nyuma lina nafasi ya kama sentimita 10 ya kupanda na kushuka. Na kipimo ambacho wajuzi wa jambo hili wamekubaliana nacho ni kwamba dereva na mzigo wake wakikaa, theluthi moja ya nafasi hiyo iwe imetumika, theluthi mbili zibaki kwa ajili ya matuta, na ile theluthi iliyozama ndiyo itakayoliwezesha gurudumu kushuka ndani ya shimo badala ya kuning'inia hewani. Pakia mitungi sita na pete ikiwa katika ngazi ya kwanza, na mkia utazama sentimita 7 au 8, ibaki nafasi ya vidole viwili. Hapo kila tuta huigonga shoki mpaka mwisho wake, na kishindo kikikosa pa kumezwa hupanda moja kwa moja katika uti wa mgongo wa aliyekaa juu.

Abiria hulia mgongo, lakini dereva ana sababu nyingine ya kulia, nayo ni usukani. Mkia ukizama, uso huinuka. Uma wa mbele hulala nyuma kuliko ulivyopangwa, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito wa kulikandamiza barabarani, na pikipiki huwa nzito kukata kona na nyepesi kuyumba. Mtu anayeteremka kutoka Corner Baridi kuelekea Olepolos akiwa amepakia nyuma, huku bega la milima ya Ngong likiachwa kisogoni na barabara ikijinyonga kushuka Bonde la Ufa, huiona pikipiki yake inachota upande wa nje wa kila pinda, naye hudhani upepo ndio unaomsukuma, au tairi limeisha, au mashine za siku hizi hazina ubora wa zile za zamani. Breki ya mbele, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la kusimama, hukosa uzito wa kushika lami papo hapo inapohitajika. Taa nayo huelekea juu: humpofusha anayekuja upande wa pili na kuliacha gizani shimo lililo mita chache mbele ya tairi. Hata mnyororo haupati salama, maana gurudumu linapopanda ule mnyororo hukazika, na hukazika zaidi ya yote pale ekseli, egemeo la mkono wa nyuma na jino la gia vinapolingana katika mstari mmoja; aliyeukaza pikipiki ikiwa tupu, akauona umekaa vizuri, huwa amejiwekea mnyororo unaonyongwa kila anapopakia watu, na gharama yake ataikuta katika beringi za giaboksi.

Kuna wanaosikia maneno haya wakakimbilia upande wa pili, wakazikaza springi hadi ngazi ya mwisho na kuziacha hapo milele, na nasema kweli kwamba hao wamejitoa katika shari moja na kujitia katika nyingine. Springi iliyobanwa kwa ajili ya kilo 120 humkataa kijana anayerudi mtupu: haizami hata kidogo, gurudumu halina pa kushukia, na juu ya murram lenye mawimbi tairi huruka kutoka kilele hadi kilele bila kugusa mabonde, na tairi lililo hewani halivuti wala halisimamishi. Ndiyo maana utaona pikipiki tupu katika njia za Tuala na Nkoroi wakati wa kiangazi ikitambaa kwa ubavu kama kwamba inakwepa kitu, na mwenyewe amekaza meno.

Mawimbi hayo ya murram yamewahi kuzua ubishi mkubwa, maana kila dereva ana nadharia yake, na wengi huyalaumu malori. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walionyesha kwa jaribio la gurudumu linalozunguka juu ya mchanga kwamba mawimbi hujitokeza hata kama gurudumu halina springi yoyote, mradi mwendo umepita kiwango fulani, na kwamba chini ya kiwango hicho njia hubaki tambarare. Lakini mwendo huo ni mdogo mno hata hapana bodaboda anayeweza kuula mkate wake akiufuata. Basi mawimbi yatakuwapo. Kule Kitengela mambo ni mengine kidogo, kwa sababu udongo mweusi wa mbuga za kutoka Noonkopir hadi kuelekea Isinya huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, ukaikunja hata lami iliyotandazwa juu yake pasipo kuuchimba vya kutosha, na matokeo yake ni barabara inayopanda na kushuka kwa upole mrefu, ambayo huitikisa springi iliyochoka polepole mpaka abiria akapata kichefuchefu. Na hesabu ya murram ni rahisi: mawimbi yaliyoachana mita moja, yakipitwa kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, humpiga mtu mara tano na ushei kwa kila sekunde. Wataalamu wa afya ya kazi wamekwisha kupima kwamba mwili wa binadamu aliyekaa huumizwa zaidi na mtikiso wa kupanda na kushuka wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, kwa kuwa hapo ndipo viungo vya ndani na uti wa mgongo huitikia kwa pamoja. Springi iliyo huru katikati ya nafasi yake huumeza mtikiso huo kwa sehemu kubwa; springi iliyogonga mwisho haimezi kitu. Na tukumbuke kuwa mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane huko ndani ndani ambako gari halifiki, chombo kinachomkimbiza hospitali ni hiki hiki.

Nimepata kustaajabu kwa jambo moja. Katika nchi za theluji, Kanada hususan, kuna watu waendeshao vyombo vidogo vya kutelezea, vyenye ski mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, ambavyo Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alivieneza alipoanza kuuza Ski-Doo mwaka 1959. Wengi wao huviendesha kwa starehe, siku za mapumziko, kisha hurudi nyumbani kwenye moto. Walakini kabla ya majira ya baridi kuingia utawakuta gerejini, futi mkononi, wakipima mkia unavyozama mwenyewe akikalia kiti, wakageuza vipande vyenye pembe vinavyozishika springi za nyuma, wakarefusha au kufupisha ukanda unaozuia mbele ya ule mkanda wa mpira isishuke kupita kiasi, kwa sababu wanafahamu kwamba uzito ukilalia nyuma ski hazishiki theluji na chombo hakikubali kona. Kanuni ni ile ile ya pikipiki ya Boxer iliyopakia maji Rongai. Anayecheza huipima springi kwa milimita, na anayetafuta karo ya watoto haigusi. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa, maana hasara ya yule ni Jumamosi iliyoharibika, na ya huyu ni mguu.

Wala haiwezi kusemwa kwamba elimu hii ni ya kigeni kwetu. Tangu mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, mafundi wa Nairobi walikuwa wakiyainua magari ya Ulaya na kuzipanga upya springi zake ili yavumilie barabara za hapa, na Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva na alijua gari lake lilivyokaa juu ya magurudumu. Elimu ilikuwapo, iliishia katika magari ya mashindano, haikuteremka hadi kwenye vyombo vya watu wa kawaida, navyo vilipoongezeka kwa wingi baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, vilikuja na spana zake lakini havikuja na mwalimu.

Pengo hilo limezibwa na mafundi wa kando ya barabara, ambao siwadharau, maana mikono yao ndiyo inayoiendesha nusu ya nchi hii. Nilimkuta mmoja, karibu na soko la Rongai, amechutama nyuma ya pikipiki iliyosimamishwa kwa stendi kubwa, anakata tairi kuukuu la baiskeli vipande vya upana wa kidole gumba na kuvipenyeza kwa bisibisi baina ya mizunguko ya springi, vipande vinne kila upande, akavifunga kwa waya. Kijana mwenye chombo alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa.

"Mzee," akaniambia alipoona namtazama fundi, "hizi zikiachwa hivi hivi na maji zinagonga chini."

"Umejaribu kuikaza hiyo pete, mwanangu?"

"Pete gani?"

Fundi akacheka bila kuinua kichwa. "Mzee, hawa wote wanataka ngumu tu. Ukimwambia habari ya pete anaona unamchezea pesa yake."

Kijana yule hakuwa mjinga, wala fundi hakuwa laghai. Vipande vya mpira huifanya springi isibonyee, na kwa mtu aliyechoka kusikia chuma kikigonga, ukimya ule ni nafuu ya kulipia. Ila springi iliyozibwa mapengo yake hupoteza mizunguko ile iliyoshikwa na mpira, kazi yote huiangukia iliyobaki huru, na baada ya miezi kadhaa huvunjika pale pale mpira ulipoishia. Na kabla haijavunjika, siku nzima ambayo kijana hana maji, amekalia ubao. Mbaya zaidi ni keria ndefu ya nondo iliyochomelewa ikapita nyuma ya ekseli kwa nusu ya mkono. Mzigo ulio juu ya ekseli hukandamiza nyuma tu. Mzigo uliovuka ekseli hukandamiza nyuma na papo hapo huinyanyua mbele, na hapana ngazi ya pete iwezayo kulipa deni hilo. Keria ya namna hiyo mimi ningeipiga marufuku kabla ya kumuuliza mtu habari ya koti la kuakisi mwanga.

Kupima kwenyewe kunahitaji futi ya fundi cherehani na mtu wa pili. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia, na upimwe umbali kutoka katikati ya ekseli hadi alama yoyote iliyo juu yake wima, mfano skrubu ya kishikio cha abiria. Kisha iteremshwe, dereva na abiria wa uzito wa kawaida wakae wakiwa na kofia zao, miguu juu ya vikanyagio, mtu wa pili akiishika isianguke, na umbali ule ule upimwe tena. Tofauti ikiwa kama sentimita 3, pete imekaa pahali pake. Ikiwa 5 au 6, pandisha ngazi, pande zote mbili kwa usawa, maana upande mmoja ukizidi, mkono wa nyuma hujipinda na tairi huliwa kwa mshazari. Ikiwa imefika ngazi ya mwisho na bado inazama, hapo springi imekuambia kwamba mzigo umezidi, na jibu lake ni kuteremsha mtungi mmoja au miwili. Na upepo wa tairi ufuate mzigo, kwani vitabu vya pikipiki huagiza upepo zaidi nyuma kunapokuwa na abiria, na tairi legevu huharibu kazi yote ya springi iliyopimwa vema.

Serikali, nayo, imejishughulisha na mengi: imeunda mamlaka ya usafiri na usalama barabarani kwa sheria ya mwaka 2012, imeagiza kofia mbili na makoti mawili, na askari wa barabarani hawakosi sababu ya kumsimamisha kijana penye kona. Kampuni za mikopo zinajua kwa satelaiti pikipiki ilipo kila dakika, wala hazijui springi yake i katika ngazi ya ngapi. Vyama vya bodaboda vina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na daftari la michango ya mazishi, nami sisemi michango hiyo ni ya bure. Nasema tu kuwa steji iwezayo kuchangia jeneza yaweza kuchangia spana moja ya ndoana na futi moja, zikaning'inizwa pale pale penye pampu ya upepo. Muuza pikipiki naye, kabla ya kumkabidhi mnunuzi ufunguo, amuoneshe pete kwa kidole na amfanye aizungushe mwenyewe mara moja mbele yake. Shule za udereva ziliweke swali hili katika mtihani. Haya yote hayahitaji kikao cha bunge.

Najua jibu la vijana, kwa kuwa nimelisikia: mteja hangoji, na huwezi kumwambia mtu anayechelewa kazini asubiri upige magoti ushughulike na springi. Hoja hiyo ina insafu ndani yake, lakini haikatai ninachokisema, maana hapana aliyeagiza pete izungushwe kwa kila abiria. Mwenye kubeba watu siku nzima aipime kwa mtu mmoja wa wastani, aiache hapo, na akirudi mtupu avumilie kidogo. Mwenye kubeba watu asubuhi na maji mchana ana mabadiliko mawili tu kwa siku, na pete iliyosafishwa na kupakwa grisi huzunguka kwa mkono mmoja pande zote mbili kabla mitungi haijamaliza kujazwa kisimani. Na wale wanaohamia pikipiki za umeme, ambazo baadhi yake sasa zinaundwa Nairobi, wasidhani wamesamehewa: betri ni mzigo, na pale ambapo chombo kina nafasi ya kuongeza betri ya pili, uzito wake huongezeka kabla abiria hajainua mguu kupanda, basi na wao waanze na futi siku ile ile wanapoitia.